Tyubu Moja ya Hewa ya Rungwe

Mke wangu Tusajigwe alikufa mwezi wa sita mwaka 1976 akiwa ameinama. Hakuwa na jeraha wala homa, na asubuhi ile alikuwa amenifokea kwa nguvu zake zote kwa sababu ya ndoo. Alishuka bondeni kumtoa mwanambuzi aliyelala kwenye nyasi, akainama kumshika, hakuinuka tena. Nilimkuta jioni, upepo umeshaanza kuvuma, amemkumbatia. Wote wawili walikuwa kama waliolala mchana.

Karatasi ya serikali iliandikwa moyo. Mwanamke wa miaka ishirini na tisa, anayepanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani huku anasimulia habari, halafu moyo. Aliyeandika hakufika hata bondeni kutazama. Alikuwa na wino, ikatosha.

Kuhusu bonde lenyewe niseme hivi. Liko upande wa Rungwe, ni kidimbwi cha nyasi kisicho na maji, kina chake hakimzidi mtu. Siku za utulivu ndege wanaanguka pale, na panya unawakuta wamelala safu. Wazee wa kwao mke wangu walikuwa wanalijua na walikuwa wanalizunguka. Mwaka 1974 tulipohamishiwa kijiji kipya, wazee walimwambia Mwenyekiti kwamba pale si mahali pa kukaa watu. Mwenyekiti akasema ramani imeshapigwa muhuri. Kigingi cha nyumba yangu kikapigwa hatua mia mbili kutoka kwenye ukingo, na kwenye daftari lao wakaandika: hewa safi, malisho karibu. Baada ya msiba niliomba seng'enge ya kuzungushia. Nikaambiwa niandike barua. Niliandika kwa darasa langu la nne. Nikajibiwa kwamba barua haikufuata ngazi. Nikaandika ya pili kwa kufuata ngazi, na nadhani hadi leo bado inapanda.

Lakini hawa wenye vyeo hawakuwa tatizo langu peke yao. Tatizo kubwa lilikuwa Anyitike, kaka mkubwa wa Tusajigwe, fundi cherehani pale Mwanjelwa. Mimi ni Msukuma, jina langu Shigela. Nilikuja huku kusini nikiwa utingo wa lori, nikaoa, nikabaki. Siku ya kumaliza matanga Anyitike alisimama mbele ya watu wote. Akasema bonde lile lina mizimu, kila mtu anajua, lakini mizimu haichukui mtu bila kutumwa. Akasema huko Usukumani dawa zipo za kila namna. Hakunitaja jina, alinitazama tu, na watu wote wakageuza shingo kufuata macho yake.

Kisha akamchukua Damari, binti yangu, aliyekuwa na miaka saba. Nilipomfuata hadi Mwanjelwa hakunipiga wala hakunitukana. Aliniambia kwa sauti ya chini, huku anatoa pini mdomoni:

"Siku utakayonionyesha kilichomuua dada yangu, nikakiona kwa macho yangu, njoo mchukue mtoto. Kabla ya hapo, kaa mbali, Msukuma."

Nikahamia Uyole, nikafungua kazi ya pancha kando ya barabara kuu. Jumapili niliruhusiwa kumsalimia Damari barazani kwa mjomba wake, shangazi mmoja wa Anyitike amekaa katikati yetu kama mlinzi wa benki. Nilikuwa namletea mahindi ya kuchoma. Mtoto alikuwa anakula huku ananitazama kwa namna ambayo watoto hawapaswi kuwatazama baba zao, kama anayepima. Alikuwa amesikia yote. Miaka miwili ilipita hivyo.

Mwezi wa saba mwaka 1978 Pijo nyeupe ilisimama kwangu na tairi la nyuma limelala. Akashuka kijana wa Kihindi, mwembamba, miwani, sweta limetoboka kiwiko. Jina lake Chandrakant. Baba yake, mzee Jayantilal, ana duka la vipuri Iringa, na mimi solusheni na viraka vyangu kwa miaka yote miwili nilikuwa naagiza kwake. Kumbe huyu ndiye mtoto aliyesoma ng'ambo kuhusu mwanga. Sasa alikuwa amerudi, na katika chuo kimoja juu ya kilima kule Iringa alikuwa na mashine yake waliyomzawadia waliomsomesha.

Wakati natoa tyubu alikuwa analalamika, tena kwa Kiswahili safi cha Iringa. Mtungi wake wa hewa ulikuwa na miezi minane bandarini, unasubiri kibali. Kila ofisi aliyoingia iliipeleka karatasi kwa ofisi iliyomtuma. Nikamwambia karibu kwenye chama. Halafu nikamuuliza, mtungi wa hewa wa nini, wakati hewa imejaa kila mahali?

Akasema si hewa hii ya kuvuta, ni ya ukaa. Ile tunayoitoa puani, ile inayochemka kwenye soda. Akasema ni nzito, ukiimwaga inakaa chini kama maji, na ikiwa nyingi mahali pamoja mtu akiingiza kichwa mle, pumzi mbili tu, amelala.

Nilikuwa na nyundo mkononi. Niliiweka chini.

Nikamsimulia bonde. Nilimsimulia ndege, panya, mwanambuzi, na mwisho nikamsimulia Tusajigwe. Hakunikatiza. Nilipomaliza alivua miwani akaifuta kwa sweta lake, akasema milima yetu hii ilikuwa ya moto zamani, na chini bado inapumua. Akasema anadhani anajua ni nini, lakini kudhani si kujua. Mashine yake ingeweza kujua.

Akanieleza mashine ile, nami naieleza kama nilivyoipokea. Inaitwa leza. Inatoa mwanga usioonekana kwa macho, mwekundu kupita wekundu wenyewe, na inautoa kwa mapigo mafupi. Ukichukua kufumba na kufumbua jicho, ukakugawa vipande milioni elfu kumi, kipande kimoja ndicho urefu wa pigo lake. Sikuamini, lakini nimeshaamini mambo magumu zaidi kutoka kwa watu wenye mihuri. Pigo la kwanza linapita kwenye bomba lenye hewa na kuziamsha molekuli, ndivyo zinavyoitwa chembe za hewa. Zinajipanga kama watu wa gwaride walioamriwa. Halafu zinatawanyika, kila moja inazunguka kivyake, na baada ya muda wake zinajikuta zimejipanga tena bila amri ya mtu. Kila hewa ina muda wake. Ya ukaa ina wake, hii ya kawaida ina wake, hazichanganyiki.

"Pigo la pili ndilo linalouliza," alisema. "Linaingia, na hewa inalijibu kwa mwanga mwingine, wenye mtetemo mara tatu ya ule ulioingia. Kama unapiga debe kwa sauti nzito, likakujibu kwa sauti ya filimbi. Ukiuliza wakati zimejipanga, jibu linapanda. Ukiuliza wakati zimetawanyika, linashuka. Kwa hiyo najua nani yumo ndani bila kumfungulia mlango."

Nikamuuliza anahitaji hewa kiasi gani. Alitazama tairi zilizolala kibandani kwangu, kubwa na ndogo, naye akaelewa nilichokuwa nafikiria. Alicheka kwa mara ya kwanza.

Siku hiyohiyo nilikwenda Mwanjelwa. Anyitike alikuwa anashona kaptula za shule. Nilimweleza mbele ya wateja wake, nikamwomba tuende wote Iringa akaone. Akauliza kama nimefikia hatua ya kubeba upepo. Nikamwambia ndiyo, nimefikia. Alikubali kwa sababu alitaka kuniona nikianguka, na hilo hakulificha.

Niliandaa tyubu ya lori kama ninavyoandaa tyubu yoyote. Nikaijaza, nikaizungusha ndani ya karai la maji nikitafuta mapovu. Nikapata tundu moja dogo, nikaziba, nikajaza tena, nikazamisha tena. Safi. Nikaipeleka Rungwe. Pampu yangu ni ya mguu, inakanyagwa chini, kwa hiyo mdomo wake unavuta hewa ya chini kabisa. Niliiweka kwenye ukingo wa ndani wa bonde, nikasimama wima kichwa kikiwa juu, jirani mmoja ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwangu. Nikakanyaga hadi tyubu ikawa ngumu. Kesho yake tukapanda lori la Liberatus, dereva ninayemfahamu, tukaenda Iringa na tyubu yetu nyuma kama abiria mnene.

Chumba cha Chandrakant kilikuwa na mapazia meusi na meza ya chuma nzito kuliko kaburi la chifu. Juu yake vioo vingi vidogo vimesimama kwenye miguu ya chuma, na bomba la kioo lenye urefu wa mkono. Akafunga bomba kwenye valvu ya tyubu yangu. Akatuvisha miwani. Mashine ikawa inatoa mlio mdogo, tak, tak, na yeye anazungusha skrubu inayosogeza kioo kimoja kwa upana wa unywele. Kusogeza kioo ndiko kuchelewesha pigo la pili, alisema. Kulikuwa na mita yenye mshale. Kwenye daftari lake kulikuwa na alama mbili: hapa ikipanda ni hewa ya kawaida, hapa ikipanda ni ya ukaa.

Mshale ulipanda kwenye alama ya hewa ya kawaida. Akasogeza hadi ya ukaa. Ulitikisika kidogo tu, ukalala. Akarudia, ukalala tena.

"Fundi, nieleze ulivyojaza. Tangu mwanzo, usiruke kitu."

Nikamweleza. Nilipofika kwenye karai la maji alifumba macho.

"Ulipoitoa kwenye karai ulitoa ile hewa ya kwanza?"

Sikuwa nimeitoa. Hakuna fundi pancha duniani anayejaza tyubu, anahakikisha ni nzima, halafu anaitoa upepo. Nilikwenda bondeni na tyubu iliyokwisha kushiba, nikaiongezea tu kidogo hadi ikakaza.

"Umeniletea hewa ya Uyole," Chandrakant alisema kwa upole, kama anayetoa taarifa ya msiba.

Anyitike alivua miwani yake akaiweka mezani taratibu. "Kwa hiyo mizimu imeshukia njiani, Makambako," alisema. "Pole sana, Msukuma." Akatoka nje kutafuta lori la kurudi.

Wiki ile Mwanjelwa yote ilijua. Nilisikia kwamba nilipanda lori na tyubu nikiibembeleza kama mke. Jumapili Damari hakutokea barazani. Shangazi alisema ana mafua. Nilikaa na mahindi yangu hadi yakapoa, nikayala mwenyewe njiani, moja baada ya jingine, na sikusikia ladha yake.

Kilichoniokoa ni mdomo wa Anyitike mwenyewe. Alikuwa anaisimulia habari ile kwa kila mteja na kila mara alikuwa anaongeza: na tena tyubu alijaza mwenyewe, nani anajua alijaza nini? Mama mmoja muuza mchele akamwambia, basi kajaze wewe. Wateja wakacheka, na safari hii walikuwa wanamcheka yeye. Niliposikia nilikwenda palepale kabla maneno hayajapoa.

Nikamwambia: "Twende ukajaze wewe. Tyubu nitaitoa upepo mbele yako, utaikunja mwenyewe, pampu utakanyaga mwenyewe."

"Na kamba atashika nani?"

"Mimi."

Cherehani ilisimama. Kila mteja alielewa kilichoulizwa na kilichojibiwa. Mtu anayeamini kwamba umemuua dada yake unamwambia akafunge kamba kiunoni, ashuke palepale alipofia huyo dada, na ncha ya kamba ubaki nayo wewe. Anyitike alitazama kaptula aliyokuwa anashona, akakata uzi kwa meno.

"Jumanne," alisema.

Jumanne ilikuwa asubuhi ya baridi kavu, hakuna jani linalotikisika. Siku kama zile ndizo mbaya. Nilimkabidhi tyubu, akaikunja na kuikamua kama nguo inayofuliwa, halafu mimi nikaweka mdomo kwenye valvu nikaivuta hadi ikabana kama ngozi ya mzee. Nikamfunga kamba. Nikamwambia jambo moja, nikalirudia mara tatu: usiiname. Kitu chochote kikianguka, kiache. Akasema ameshasikia, yeye si mtoto.

Alishuka hatua nne hadi kwenye ukingo wa ndani, akasimama wima, akaanza kukanyaga. Nyasi zilimfika magotini na kila kitu kilikuwa kimya. Nilihesabu mikanyago kama arobaini. Tyubu ilikuwa inaanza kunyanyuka juu ya ukingo pembeni yangu, ndipo mpira wa pampu ukachomoka kule chini, kwenye pampu yenyewe.

Fundi cherehani siku nzima anaokota. Pini, sindano, kifungo, kipande cha chaki, kila kikianguka mkono unakifuata kabla akili haijauliza. Anyitike aliinama kuufuata mpira ule kama anaokota pini.

Hakupiga kelele. Magoti yalikunjika, akakaa chini polepole, kichwa kikaingia kwenye nyasi. Na mimi kamba iko mkononi, na maneno yake ya miaka miwili yako kichwani. Nasema ukweli, maneno yalikuwepo. Mikono haikuyangoja. Nilivuta hadi nikaanguka chali, nikavuta nikiwa chali, nikamtoa akiburuzwa kama gunia, sweta limepanda shingoni.

Alikaa kwenye nyasi za juu akikohoa, uso wa rangi ya majivu. Kitu cha kwanza alichosema kilinivunja moyo.

"Ulijuaje wakati wa kuvuta?"

"Niliona umeinama."

"Ulivuta upesi mno. Kama mtu anayejua kitakachotokea."

"Najua kitakachotokea, Anyitike. Nilimkuta yeye palepale."

Alianza kuchuna nyasi kwenye sweta, moja moja. Halafu akasimama, akasema tyubu haijajaa. Nilimwambia basi, inatosha. Akasema yeye ndiye aliyeambiwa ajaze na atajaza. Nikauvuta mpira kwa fimbo, na pampu pia, nikaurudishia, nikaukaza kwa waya. Akashuka tena na kamba yake, akakanyaga amesimama kama askari mbele ya bendera, kidevu juu, hadi tyubu ikawa ngumu kama jiwe. Mimi kamba sikuilegeza hata kidogo, na yeye hakuniomba niilegeze.

Tukapanda tena lori la Liberatus kwenda Iringa. Makambako kwenye kizuizi askari alipanda nyuma ya lori akatukuta tumeikalia tyubu huku na huku. Akauliza tumebeba nini. Nikasema hewa. Akauliza hewa ya wapi. Nikasema ya Rungwe. Akatafakari.

"Iringa hawana hewa?"

"Wanayo," nilisema. "Lakini si nzuri kama ya kwetu."

Akamgeukia Anyitike. "Na wewe?"

"Mimi ni shahidi wa hewa," Anyitike alisema, uso mkavu. Askari alishuka akitikisa kichwa, akamwambia Liberatus aendeshe haraka kabla hajabadili mawazo. Lori lilipoondoka Anyitike alitoa sauti fulani puani. Ilikuwa kicheko, ingawa alikigeuza kikohozi.

Chandrakant alikuwa ametayarisha chupa ya soda. Kabla ya tyubu yetu alitaka tuone kitu tunachokijua, alisema. Aliitikisa chupa, hewa yake akaipitisha kwenye mpira hadi kwenye bomba la kioo. Nikamuuliza kama soda ina hewa hiyo, kwa nini anangoja mtungi wa bandarini. Akasema chupa moja inatosha kipimo kimoja, yeye ana vipimo elfu.

Halafu akamwomba Anyitike kitambaa cheupe kipya, kwa sababu mwanga wa tatu, ule wa jibu, nao hauonekani kwa macho, lakini ukigusa kitambaa cheupe kilichotoka kiwandani kinang'aa samawati. Fundi cherehani hakosi kitambaa mfukoni. Chandrakant akamwelekeza akishike mwenyewe ndani ya kisanduku cheusi mwisho wa meza, mahali ambapo kioo cha pembe tatu kinaitenga mianga, kila mmoja njia yake. Mapazia yakafungwa. Tak, tak. Skrubu ikazunguka. Kwenye kitambaa kulikuwa na doa hafifu la samawati, dogo kama punje ya mtama. Kioo kilipofika alama ya ukaa, doa lilipanda. Liling'aa hadi niliuona ukucha wa Anyitike.

"Hiyo ni soda," Chandrakant alisema. "Sasa yenu."

Alilisafisha bomba kwa pampu yake, akafungua valvu ya tyubu. Akaturudisha mwanzo. Kwenye alama ya hewa ya kawaida doa lilibaki hafifu. Akazungusha skrubu taratibu sana na mimi nilikuwa siangalii kitambaa, nilikuwa naangalia uso wa Anyitike, maana ndani ya uso ule ndimo alimokuwa binti yangu. Nikaona mwanga wa samawati unapanda kwenye kidevu chake.

"Tena," alisema.

Chandrakant akarudisha kioo, doa likafifia. Akakileta, likapanda.

"Nipe mimi."

Akampisha. Anyitike akazungusha skrubu kwa vidole vya mtu aliyezoea sindano, mbele, nyuma, mbele. Kila alipofika mahali palepale hewa ilijibu, na kila alipopapita ilinyamaza. Alifanya hivyo labda mara kumi. Hatukumharakisha.

"Na hii ya kwenye soda," aliuliza mwishoni, "nani ameituma?"

"Kiwanda," Chandrakant alisema.

Anyitike aliitikia kwa kichwa, kama jibu hilo ndilo alilolitarajia. Akakaa kwenye kigoda. Akauliza, bila kututazama, kama dada yake aliumia. Chandrakant akamwambia hapana. Ikiwa nyingi kiasi kile, alisema, ni pumzi moja, mbili, kizunguzungu, halafu usingizi. Mtu hajui hata kwamba ameanguka.

"Ni kweli," Anyitike alisema. "Mimi sikujua."

Mashine iliendelea tak, tak, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuizima. Halafu alinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu matanga hakuniita kwa kabila langu.

"Shemeji," alisema, "niliyasema mbele ya watu. Nitayafuta mbele ya watu walewale."

Nilitoka nje. Pale kilimani unaiona Iringa yote chini, paa za mabati zinamulika jua. Nilisimama nikashika magoti na nikapumua, nikapumua tena, kama mtu aliyetolewa kwenye maji. Kitu kilichokuwa kimekaa kifuani kwangu miaka miwili kilishuka, na nilibaki mwepesi hadi nikaogopa kutembea.

Chandrakant aliandika matokeo kwenye karatasi mbili, moja ya wilaya na moja ya kijiji, kwa muhuri wa chuo. Ya wilaya imepokelewa. Ya kijiji Mwenyekiti aliisoma akasema suala hilo linashughulikiwa, na kwamba yeye binafsi alikuwa na wasiwasi na bonde lile tangu mwanzo. Nilimsikia kwa masikio yangu. Zamani ningempiga. Safari hii mimi na Anyitike tulikata mianzi na miiba tukalizungushia bonde wenyewe kwa siku tatu, na nikapaka rangi kifuniko cha pipa nikakitundika: USIINAME HAPA. Chandrakant aliletewa tyubu nyingine nne, zote zimejazwa wima. Mtungi wake bado uko bandarini.

Jumapili iliyofuata safari ile ya Iringa, Anyitike aliwaita wote waliokuwepo siku ile ya matanga. Waliketi uani kwake Mwanjelwa, wengine kwenye mikeka. Aliwaeleza bonde, tyubu, soda. Sehemu ya kuburuzwa na sweta aliieleza bila kuificha, na mama muuza mchele alicheka hadi akafuta macho. Mwisho akasema: kilichomuua Tusajigwe ni hewa ya chini ya mlima, haina aliyeituma, na mtu niliyemsema hakufanya lolote. Akakaa. Wazee wawili wakaja kunishika mkono. Wengine walitazama pembeni. Niliwaacha, wana haki ya kuona aibu kwa muda wao.

Damari alitoka ndani na mfuko wa nguo zake na sare mpya, aliyoshonewa na mjomba wake usiku wa kuamkia siku hiyo bila kuniambia. Hakunikimbilia. Alinipa mfuko niubebe, akatembea pembeni yangu kuelekea barabara ya Uyole, hatua yake ndefu kama ya mama yake. Tulipita sokoni, tukapita kwenye mikaratusi. Hapo ndipo aliponiuliza.

"Baba, mama aliumia?"

Miaka miwili nilikuwa naliogopa swali hilo, kwa sababu jibu sikuwa nalo na watu wengine walikuwa nalo. Nilisimama barabarani nikauweka mfuko chini.

"Hapana," nilimwambia. "Pumzi mbili tu, halafu usingizi. Mjomba wako naye alipita hapohapo, kamwulize."

Alinitazama. Safari hii hakuwa anapima. Aliinama, akaokota mfuko, akauweka kichwani mwake, akasema tumechelewa kula na yeye ana njaa.